Kuku akijeruhiwa uani: namna ya kumtibu nyumbani, hatua kwa hatua

Kuku wa Mombasa ana maadui wengi. Mchana kuna nguchiro, mwewe na kunguru; usiku paka shume na fungo; saa zote mbwa wa mtaani na bodaboda zinazopita vichochoroni bila kupunguza mwendo. Na jogoo mwenyewe, akipanda mitetea kupita kiasi, huwachana mgongo na ubavu kwa kucha na vipi vyake, ile miiba ya miguuni.

Jeraha la kuku likitazamwa mara ya kwanza hutisha. Ngozi imeachia, nyama iko wazi, manyoya yametapakaa ua mzima. Hapo ndipo jirani anapopaza sauti ng'ambo ya ukuta: "Mwahini kisu, asije akawa kibudu!" Anaweza kuwa na haki, na suala la kisu nitalifikia. Lakini mara nyingi ni mapema mno. Ngozi ya kuku ni nyembamba na huchanika upesi, ila huziba vizuri kuliko unavyodhani, hata pale penye tundu la kuingia kidole gumba. Wengi hawafi kwa jeraha lenyewe. Wanauawa na yanayolifuata, yaani mshtuko wa saa za kwanza, kudonolewa na wenzao, na nzi. Matibabu yote yaliyo hapa chini yanapambana na hayo matatu.

Saa ya kwanza: mtulize kabla ya kumtibu

Usimkimbize. Kuku aliyetoka mdomoni mwa mbwa akikimbizwa tena uani anaweza kukufia mkononi bila jeraha kubwa. Mbane pembeni taratibu, mrushie leso, mfunike pamoja na kichwa. Giza humtuliza papo hapo. Kisha mwinue mabawa yakiwa yamebanwa ubavuni, miguu ikishikwa chini.

Usimning'inize miguu juu kama wanavyobebwa wa kuuzwa sokoni Kongowea. Kuku hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Hupata pumzi kwa kupanua na kurudisha kifua chake. Akining'inizwa kichwa chini, matumbo hulalia mifuko ya hewa anayopumulia, na ukimkaba kifua kwa nguvu hata akiwa wima, atakosa pumzi ukidhani ametulia. Mshiko uwe imara pembeni, mlegevu kifuani.

Kama damu inatoka, hilo ndilo la kwanza. Kuku wa kilo moja na nusu ana damu ya mililita 120 hivi mwili mzima, sawa na vikombe viwili au vitatu vya kahawa chungu. Kwa hiyo usisubiri "itaacha yenyewe". Kunja kitambaa safi au shashi, weka juu ya jeraha, bana kwa vidole dakika tano kamili bila kuchungulia. Kuchungulia kila baada ya nusu dakika hubandua damu iliyoanza kuganda. Ikiwa bado inatoka, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza, ubane tano nyingine.

Damu ikitoka kwenye ukucha uliovunjika au ncha ya mdomo, bana kwa unga wa ngano au wanga kidogo. Unga ni wa sehemu hizo ngumu za nje tu. Ukiuweka ndani ya nyama iliyochanika, umewapikia vijidudu uji.

Damu ikishasimama, mtie kwenye boksi au tenga lililotandikwa kitambaa safi, mbali kabisa na kuku wengine. Kuku huvutwa na rangi nyekundu. Hata ndugu waliokua pamoja watamdonoa mwenzao penye damu mpaka wamtoboe, na akizimia hawaachi.

Sasa joto. Miongozo mingi iliyoandikwa nchi za baridi husema mwashie taa ya joto. Kwetu, wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, ushauri huo utamuua kwenye banda la mabati. Mweke sakafuni ndani ya nyumba au chini ya makuti, pawe na hewa lakini pasiwe na upepo mkali wala feni inayompiga. Usiku wa kusi, Juni hadi Agosti, au akiwa amelowa mvua ya masika, mkaushe na umwekee upande mmoja wa boksi chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, ili aisogelee au aikimbie apendavyo. Mwenyewe atakwambia: akihema mdomo wazi huku ametanua mabawa, joto limezidi, akijikunyata na kuvimbisha manyoya, ana baridi.

Joto la kawaida la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi, ndiyo maana kuku mzima ukimshika huhisi kama ana homa. Ukikuta miguu ya baridi, upanga wa kichwani umepauka na macho yanafumba, huo ni mshtuko, na hapo kidonda kisubiri. Mwache gizani nusu saa hadi saa nzima.

Maji mpe, chakula bado. Changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa, au tumia pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa. Mpe mchanganyiko huo siku ya kwanza tu, kisha maji ya kawaida. Asipokunywa mwenyewe, dondoshea tone moja moja ubavuni mwa mdomo, umsubiri ameze. Usimpanue mdomo na kumimina, kwa kuwa tundu la pumzi liko pale pale nyuma ya ulimi, na maji yataingia mapafuni.

Na wewe mwenyewe jitazame. Kama katika kumnusuru umeng'atwa au kuparuliwa na mbwa, paka au nguchiro, osha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Kuku atangoja.

Mpekue mwili mzima

Akishatulia, mkalishe juu ya meza kwenye mwanga, mtu wa pili amshike ndani ya leso. Manyoya huficha mengi. Lowesha vidole kwa maji, yapeperushe kuelekea nyuma, uikague ngozi kipande kwa kipande: shingoni, mgongoni, chini ya kila bawa, kiunoni, mapajani, na sehemu ya kutolea kinyesi. Ukiona tundu la jino juu, tafuta jingine upande wa chini, maana mnyama hung'ata kwa taya mbili.

Matundu madogo ya paka yananitia wasiwasi kuliko mchaniko mkubwa wa mbwa. Mdomo wa paka hubeba bakteria aitwaye Pasteurella, wa jamii ile ile inayoleta kipindupindu cha kuku, na jino lake jembamba humsukuma bakteria huyo ndani kisha ngozi ikafunga juu. Kuku aliyeng'atwa na paka anahitaji antibayotiki kutoka kwa daktari wa mifugo ndani ya siku moja, hata kama anatembea na kula.

Angalia pia kama tundu lolote linatoa povu la hewa kila anapopumua. Hilo limefika kwenye mfuko wa hewa. Liwekee alama kichwani mwako, kwa sababu hutalimwagia maji.

Kuna kuku wanaoletwa kama majeruhi kumbe ni wagonjwa. Shingo iliyopinda na kuzunguka, pamoja na kinyesi cha kijani kibichi, yaweza kuwa kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kuku mchanga aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, bila jeraha, pengine ana ugonjwa wa Marek. Hao watenge kabisa, vyombo vyao vioshwe mbali, na umwite daktari kabla hujawagusa wengine.

Kuosha

Hapa ndipo jeraha hupona au kuharibika. Ukiwa na muda na pesa za kitu kimoja tu, viweke hapa.

Kwanza punguza manyoya yanayozunguka kidonda kwa mkasi, upana wa vidole viwili kila upande. Usiyang'oe, ngozi iliyochanika itafuata nayo. Paka vaselini kidogo au weka shashi yenye maji juu ya nyama wakati unakata, ili vipande visinase ndani.

Maji bora ya kuoshea ni yale ya dripu ya chumvi yanayouzwa kwenye chupa za plastiki katika duka lolote la dawa. Usipoyapata, chemsha maji ya kunywa, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa kwa nusu lita na ushee, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu. Maji ya kisima hapana. Visima vyetu vingi vya kisiwani na pembezoni vina chumvi tayari, hujui kiasi gani, na aghalabu viko karibu na mashimo ya choo.

Chukua sirinji ya mililita 20 bila sindano, uipige maji kwenye kidonda kwa pembeni, si moja kwa moja ndani. Rudia. Halafu rudia tena. Mchanga, manyoya, mate ya mbwa na vipande vya majani lazima vitoke, na vitatoka kwa wingi wa maji, si kwa kusugua. Robo lita kwa jeraha la ukubwa wa kiganja si nyingi. Kinachogoma kutoka kichomoe kwa kibanio kilichochemshwa.

Pale penye povu la hewa, au penye mfupa wa bawa la juu uliotokeza, usipige maji. Mfupa ule una uwazi uliounganika na njia ya pumzi, na maji unayoyamwaga begani yanaweza kumzamisha kuku akiwa mezani kwako. Futa kwa shashi iliyokamuliwa, basi.

Baada ya maji, dawa ya iodini ya kahawia inayouzwa duka la dawa, ikiwa imechanganywa na maji mpaka ipate rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Ikiwa nzito huunguza nyama changa inayoota. Pitisha mara moja, kisha kausha pembeni kwa kugusagusa.

Ngozi iliyoning'inia kama pazia usiikate ikiwa bado ina unyevu na rangi ya uhai. Irudishe mahali pake, itakuwa kifuniko kizuri kuliko bandeji. Kushona ni kazi ya daktari, tena jeraha likiwa bichi. Kidonda kilicholala na uchafu kikishonwa, umeufungia uozo ndani. Vingi huachwa wazi vijizibe kutoka chini kuja juu.

Cha kupaka na cha kuacha

Kwa vidonda vingi, mafuta ya antibayotiki ya kawaida yasiyo na ganzi yanatosha, utabaka mwembamba. Soma kasha: ukikuta jina la dawa linaloishia na herufi c-a-i-n-e, liache dukani. Hizo ni ganzi, na ndege wepesi hudhurika nazo kwa kiasi ambacho mtu hata hakihisi.

Asali halisi nayo inafaa, hasa penye nyama iliyo wazi, kwa kuwa hufyonza maji na kuwanyima bakteria nafasi. Tatizo lake ni sisimizi. Ukipaka asali, funika kwa shashi, boksi uliweke juu ya kiti, miguu ya kiti ndani ya makopo ya maji.

GV ile ya zambarau wengi wanayo kabatini, na ni kweli kwamba huficha wekundu usivutie wenzake. Siipendi kwa kuku wa kutaga au wa kuliwa. Marekani, kwa mfano, haikubaliki kwa wanyama wa chakula. Dawa ya buluu ya kupuliza inayouzwa agroveti hufanya kazi hiyo hiyo, ila uliza na usome ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe.

Mafuta ya taa, majivu, mafuta ya gari, spiriti, kahawa ya unga: hapana. Vyote huunguza au huchafua, na vinalificha jeraha usilione. Mwarobaini sina ugomvi nao. Maji ya majani yake waweza kufutia ngozi nzima ya pembeni kama mamako alivyokufundisha, lakini ndani ya kidonda maji ya chumvi yanatosha.

Dawa za maumivu za binadamu usikisie. Diklofenaki, ambayo kila nyumba inayo, ndiyo iliyowamaliza tumbusi wa Bara Hindi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo. Kuna dawa za maumivu zinazowafaa kuku, na kipimo chake atakupa daktari kwa uzito wa kuku wako.

Nzi

Kwa hali ya hewa ya Mombasa, nzi akitaga kwenye kidonda asubuhi, kesho yake unaweza kukuta mabuu. Kwa hiyo kuku aliyejeruhiwa halali nje. Funika boksi kwa chandarua, hata kipande cha neti ya mbu iliyochakaa. Badilisha tandiko kila siku, na kila anapoharisha juu yake. Kagua kidonda asubuhi na jioni, ukichungulia hasa chini ya mkia, mahali ambapo unyevu na kinyesi huwaita nzi hata pasipo na jeraha.

Ukiona chembe nyeupe ndogo kama mchele zimegandamana kwenye manyoya, hayo ni mayai. Kata unyoya wote, usijaribu kuyaosha. Mabuu yakishaingia, yachomoe kwa kibanio moja moja, piga maji ya chumvi, subiri dakika chache. Mengine yatatokeza kutafuta hewa, nayo uyatoe. Rudia baada ya saa chache, maana hayaishi kwa mkupuo mmoja. Yakiwa yamechimba hadi ndani ya tumbo, hilo si la nyumbani tena.

Bawa na mguu

Bawa linaloburura chini bila mfupa kutokeza hufungwa. Likunje lilale kama linavyolala lenyewe, ulizungushie bandeji laini ya upana wa sentimita 5 kwa mtindo wa namba nane, kisha mzunguko mmoja upite mwilini chini ya bawa la pili, lile zima, ambalo linabaki huru. Kidole kipite chini ya bandeji bila shida. Mtazame anavyopumua kabla hujaondoka. Mifupa ya ndege huunga haraka, wiki mbili hadi tatu, na ukilifunga zaidi ya hapo kiungo hukakamaa. Likipona limepinda, si msiba, mtetea hataruka kwenda Likoni.

Mguu ukivunjika kwenye sehemu ya magamba, unyooshe polepole, zungushia pamba, weka vijiti vya aiskrimu au mrija mgumu uliopasuliwa pande mbili, funga kwa plasta ya kitambaa. Rudi baada ya saa moja uguse vidole: vikivimba, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, legeza mara moja. Paja likivunjika vijiti havisaidii. Ni boksi dogo asimoweza kuzunguka, au daktari.

Siku zinazofuata

Chakula cha kwanza kiwe chepesi: yai la kuchemsha lililopondwa, chakula chake cha kawaida kilicholowekwa maji, au uji mzito uliopoa. Siku ya pili awe anadonoa mwenyewe. Gusa kifuko cha chakula chini ya shingo kabla hajalala, kiwe kimejaa kidogo, na asubuhi kiwe kimeteremka. Kinyesi cha kijani chenye maji siku ya pili mara nyingi ni njaa tu, ila kikiendelea hali anakula, kina jambo.

Siku hizo hizo ngozi iliyopondeka inaweza kugeuka kijani, na hapo watu wengi hudhani imeoza. Sivyo. Kuku akivilia damu, alama hugeuka kijani kwa namna mwili wake unavyovunja damu, nayo hufifia yenyewe. Uozo ni mweusi au kijivu, una harufu, na ngozi yake ni baridi na yenye utelezi.

Usaha wa kuku nao si majimaji kama wetu. Ni mgumu, wa manjano, kama jibini. Hautoki kwa kukamua wala haunyonywi na mwili, na ukiwa mkubwa lazima utolewe na mtaalamu. Utando wa manjano hafifu juu ya nyama nyekundu, usio na harufu, ni sehemu ya kupona. Usiubandue kila siku.

Osha mara moja kwa siku siku tatu za mwanzo, baadaye kila baada ya siku moja. Kuosha kupita kiasi hung'oa ngozi changa.

Wakati wa daktari, wakati wa kisu

Mpeleke kwa daktari wa mifugo akiwa ameng'atwa na paka, mfupa umetokeza, jicho limetoboka, tundu linatoa hewa, au hajala kitu kwa siku mbili. Mpigie simu kabla, kwa kuwa wengine hushughulika na ng'ombe na mbuzi tu, na muulize kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kuuza dawa agroveti si sawa na kuwa daktari.

Utumbo ukiwa nje na umechanika, mgongo umevunjika miguu yote imekufa, au uozo umeenea, usimwachie siku za mateso. Mchinje kwa kisu kikali, haraka, akiwa ametulia. Kwa Muislamu, mnyama aliyeshambuliwa huliwa akiwahiwa kuchinjwa angali hai, lakini kuku aliyekwisha kupewa antibayotiki hachinjwi kwa kula mpaka siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite, na mayai yake vivyo hivyo hayaendi dukani wala mezani. Mwenye kidonda kilichooza azikwe.

Kumrudisha bandani

Asirudi mpaka kidonda kiwe kimefunga na hakuna wekundu unaoonekana, hata kama analia kuwataka wenzake. Siku chache kabla, weka tenga lake ndani ya banda wamwone bila kumfikia. Kisha mfungulie na mtetea mmoja mpole kwanza, halafu wengine. Nafasi yake ya ukubwa kundini imeshachukuliwa na mwingine, kwa hiyo atadonolewa kidogo. Ingilia damu ikitoka tu. Kama aliyemjeruhi ni jogoo, mpunguze makali ya vipi vyake au umtenge, na uhesabu mitetea: chini ya wanane kwa jogoo mmoja, migongo itaendelea kuchanika.

Kama ni mnyama, atarudi pale pale alipopata windo. Nguchiro huwinda mchana, hivyo kufunga banda jioni peke yake hakumzuii. Waya ule wa kuku wenye matundu makubwa huzuia kuku kutoka, hauzuii nguchiro kuingiza kichwa; tafuta wavu wa chuma wa nusu inchi, uuzike ardhini kiasi cha shubiri moja na nusu, na ziba nafasi iliyopo kati ya ukuta na makuti, ambako fungo na paka hupenya usiku.